WordPress, Joomla au Drupal: ipi ukae nayo kwenye seva yako ya Linux?

Wiki mbili baada ya kukabidhi tovuti ya shule moja ya sekondari huko Tabata, simu yangu iliita asubuhi. Alikuwa katibu muhtasi wa shule.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimebonyeza pale uliponionyesha pa kusasisha. Sasa inataka jina la mtumiaji la FTP na nenosiri. Niweke lile la kuingilia?”

“Hapana mama, usiandike kitu. Funga tu ukurasa, nakuja.”

Siku ya kusakinisha nilikuwa nimefungua kifurushi cha WordPress, mfumo ambao, kama Joomla na Drupal, humwezesha mtu kujenga na kuendesha tovuti kupitia kivinjari, nikiwa nimeingia kama root (mtumiaji mkuu wa seva), na mafaili yote yakabaki mali ya root. Apache, programu inayowapelekea wasomaji kurasa, kwenye Ubuntu (mojawapo ya aina za Linux) huhudumia kurasa kwa jina la www-data. WordPress ikitaka kujisasisha, hujaribu kwanza kama inaweza kuandika kwenye folda zake yenyewe. Ikishindwa haisemi kwamba imenyimwa ruhusa, inaomba FTP, njia ya zamani ya kupandisha mafaili kwenye seva, na mtu asiyelijua hilo huanza kujaribu kila nenosiri alilonalo. Dawa ilikuwa amri moja:

chown -R www-data:www-data /var/www/shule

Katibu akabonyeza tena, ikakubali. Ila amri hiyo ina gharama yake. Ukimpa www-data uwezo wa kuandika kwenye mafaili yote, plagini (programu ndogo ya nyongeza) moja yenye tundu inatosha kumruhusu mvamizi aandike humo humo. Ukimnyima, tovuti haiwezi kujisasisha kupitia kivinjari, na lazima awepo mtu mwenye ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa amri, wa kuifanya kazi hiyo. Hapa ndipo mifumo hii mitatu inapoachana, na ndiyo sababu mteja akiniuliza aweke ipi, mimi namuuliza kwanza: nikiondoka, nani atakuwa anasasisha?

Mahali inapofanana

Yote mitatu ni programu huria chini ya leseni ya GPL, yote imeandikwa kwa lugha ya programu ya PHP, na yote inaweka maudhui yake kwenye hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kazi haibadiliki: unakodi seva, unaweka Linux, Apache, MariaDB na PHP, unafungua hifadhidata tupu yenye mtumiaji wake.

Toleo la Linux, hata hivyo, lina neno. Ubuntu 24.04 inakuja na PHP 8.3, Ubuntu 22.04 ina 8.1, na Debian 12 ina 8.2. WordPress na Joomla 5 hazina shida na yoyote kati ya hizo. Drupal 11, iliyotoka Agosti 2024, inadai PHP 8.3, chini ya hapo inakataa. Nimeshaona mtu amelipia seva ya mwaka mzima, akachagua 22.04 kwa sababu ndiyo aliyoizoea, halafu akakesha anatafuta njia ya kupandisha PHP. Kama huna sababu ya pekee, chukua 24.04 na uendelee na mambo yako.

Kwenye seva mpya mimi huandika hivi:

apt install apache2 mariadb-server php libapache2-mod-php php-mysql php-xml php-mbstring php-gd php-curl php-zip php-intl

Hapo mitatu yote imeshapata chakula chake. Hifadhidata ifungue kwa usimbaji wa herufi wa utf8mb4, na usimpe mtumiaji wa tovuti mamlaka zaidi ya hifadhidata yake moja.

Mawili huwasumbua wengi, mfumo wowote wawe nao. La kwanza, ukurasa wa mwanzo unafunguka lakini kurasa za ndani zinaleta 404, yaani ukurasa haupatikani. Kwenye Ubuntu, Apache haisomi faili la .htaccess (lenye sheria za anwani za kurasa) lililoko ndani ya /var/www mpaka uandike AllowOverride All kwenye mpangilio wa tovuti na uwashe moduli ya rewrite. Ukitumia Nginx badala ya Apache, .htaccess haisomwi kabisa, sheria zake unaziandika mwenyewe kwenye mpangilio wa seva. Ndiyo maana anayeanza namshauri Apache, ingawa Nginx naipenda kwa wepesi wake. La pili ni ukubwa wa faili. PHP inakuja na kikomo cha MB 2 kwa faili moja linalopandishwa. Fomu ya kujiunga iliyoskaniwa kwenye steshenari ya Kariakoo inazidi kikomo hicho kwa urahisi, na picha ya simu vilevile. Pandisha upload_max_filesize, na post_max_size iwe kubwa kuliko hiyo.

Kitu kimoja kizuri kwa sisi tunaoishi kwa bando: ukifanya kazi kwa SSH, kinachopita kwenye simu yako ni herufi tu. Kifurushi chenyewe kinashushwa na seva moja kwa moja kwa intaneti yake. Wale wanaoshusha WordPress kwenye laptopu, wanaifungua, kisha wanapandisha maelfu ya mafaili madogo kwa FTP wanamaliza bando na mchana wote pamoja. Na kabla hujaanza, andika tmux, ili mtandao ukikatika katikati ya amri, kazi iendelee upande wa pili nawe uikute ukirudi.

WordPress

Hii ilianza mwaka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walipochukua programu ya b2 iliyokuwa imeachwa na kuiendeleza. Leo zaidi ya tovuti nne kati ya kila kumi duniani zinaitumia. Ukubwa huo una faida moja inayogusika hapa Dar: ukiondoka, mwingine atakayeijua atapatikana. Ukiuliza Kijitonyama, Sinza au Mwenge nani anajua WordPress, hutakosa wa kumpigia. Kwa shule, kanisa, duka au ofisi ndogo ya mawakili, jambo hilo lina uzito kuliko sifa nyingine zote.

Kuisakinisha ni kazi ya dakika chache kweli. Unashusha, unafungua, unaenda kwenye kivinjari, unajaza jina la hifadhidata, umemaliza. Mimi hutumia WP-CLI, chombo cha amri, kwa sababu amri tatu zinatosha: wp core download, wp config create, wp core install. Kipo pia kifurushi cha wordpress ndani ya apt yenyewe, ghala la programu za Ubuntu. Kiache. Kinatawanya mafaili sehemu tofauti na zile anazozitarajia kila fundi, na toleo lake hubaki nyuma.

Nguvu yake kubwa ni kujisasisha. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, masasisho madogo ya usalama yanajiweka yenyewe bila mtu kugusa. Tangu 5.6, mwishoni mwa 2020, tovuti mpya hupokea hata matoleo makubwa kwa njia hiyo. Kwa taasisi isiyo na fundi wa kudumu, hili ni jambo la kuokoa maisha. Ndiyo maana katibu wa Tabata anaweza kuilea tovuti ile peke yake, mradi ruhusa za mafaili ziko sawa.

Udhaifu wake unajulikana: plagini. Mteja anataka kalenda, unaweka plagini. Anataka picha zinazoteleza, nyingine. Mwaka ukiisha ziko ishirini na tano, sita zimeachwa na waandishi wake, na mvamizi haingii kupitia WordPress yenyewe, anapita kwenye mojawapo ya hizo sita. Ukichagua WordPress, jiwekee sheria ya kufuta plagini isiyotumika. Kuizima hakutoshi, mafaili yake bado yapo kwenye seva.

Na jambo dogo la saa. WordPress mpya inahesabu saa kwa UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Shule ikipanga tangazo litoke saa nne asubuhi, litatoka saa saba mchana mpaka uchague Dar es Salaam kwenye mipangilio. Mwambie pia anayepanga kwamba saa nne asubuhi kwenye dashibodi inaandikwa 10:00. Nimekuta tangazo la matokeo limeshatoka alfajiri kwa sababu mtu aliandika 04:00, akihesabu saa kama tunavyohesabu wote.

Drupal

Dries Buytaert wa Ubelgiji aliitoa Drupal Januari 2001, kwa hiyo ndiyo kongwe kuliko zote tatu. Ukiifungua mara ya kwanza unaweza kudhani haijakamilika, kwa sababu haikupi tovuti, inakupa vifaa vya kujenga tovuti. Unaeleza mwenyewe aina za maudhui: ripoti ina kichwa, mwaka, mkoa, faili la PDF na mwandishi. Halafu unaunda orodha inayochuja ripoti kwa mkoa na mwaka. Kwenye WordPress kazi hiyo inahitaji plagini mbili au tatu za kuungaunga. Kwenye Drupal iko ndani ya kiini, yaani programu yenyewe bila nyongeza.

Ruhusa za watu nazo ziko hivyo. WordPress inakuja na ngazi tano za watumiaji, kuanzia msimamizi hadi msajiliwa. Drupal inakuacha uunde ngazi zako na kutamka, kwa kila aina ya maudhui, nani aandike, nani ahariri ya wenzake, nani achapishe. Taasisi ya utafiti yenye idara kumi na waandishi arobaini itaiona tofauti hii siku ya kwanza.

Lakini njoo kwenye seva. Drupal ya sasa inasakinishwa kwa Composer, chombo cha amri kinachoshusha vipande vya programu za PHP:

composer create-project drupal/recommended-project tovuti

Nilipoijaribu mara ya kwanza kwenye seva ya kumbukumbu (RAM) ya GB 1, mistari ilishuka vizuri, ikasimama, kisha likatokea neno moja tu: Killed. Hakuna maelezo mengine. Linux ilikuwa imeishiwa kumbukumbu ikaamua kuua kazi iliyokuwa inakula zaidi. Nilitengeneza faili la swap (sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu) la GB 2, nikarudia, ikapita. Kama unataka Drupal, kodi seva ya GB 2 tangu mwanzo, au andaa swap kabla hujaanza. WordPress na Joomla zinaishi kwenye GB 1 bila kulalamika, kwa tovuti ya kawaida.

Ikishafika, ndani ya folda ya mradi utakuta folda nyingine inayoitwa web. Apache ielekezwe humo, isielekezwe kwenye folda ya juu. Ni mpangilio mzuri, kwa sababu mafaili ambayo mgeni hapaswi kuyagusa yanabaki nje ya mlango kabisa. Mafaili ya programu yabaki mali ya mtumiaji wako wa SSH, na www-data aandike kwenye folda moja tu, sites/default/files. Kwa upande wa ulinzi, hapa Drupal inawazidi wenzake.

Gharama ya ulinzi huo ni kwamba sasisho linafanywa na mtu aliyeingia kwenye seva: composer update, kisha drush updatedb (Drush ni chombo cha amri cha Drupal), kisha kusafisha kache. Hakuna katibu wa kubonyeza. Na kuchelewa kunauma. Tarehe 15 Oktoba 2014 ilitangazwa kasoro kubwa kwenye Drupal 7, na baadaye timu ya usalama ya Drupal ikasema kwamba tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa saba ihesabiwe imeshavamiwa. Machi 2018 ikatokea nyingine ya aina hiyo. Sasa fikiria taasisi ambayo fundi wake amehamia Dodoma na funguo za seva ziko kwenye laptopu yake.

Januari 2025 waandaaji wake walitoa Drupal CMS, kifurushi kilichokwisha pangwa kwa ajili ya watu wasioandika programu. Kimepunguza ugumu wa kuanza, lakini kwenye seva yako bado ni Drupal na bado utahitaji mtu wa Composer. Na kama mteja wako bado yuko kwenye Drupal 7, msaada wake uliisha Januari 5, 2025. Mhamishe.

Joomla, yenye jina letu

Mwaka 2005 watengenezaji wa mfumo wa Mambo walijitenga, wakaanza wao, na jina walilochagua ni neno la Kiswahili: jumla, likiandikwa kama Mwingereza angelitamka. Najivunia hilo, ingawa jina pekee si sababu ya kuchagua programu.

Usakinishaji wake uko karibu sana na wa WordPress. Unashusha zip, unaifungua, unajaza kurasa chache kwenye kivinjari. Ukimaliza, hakikisha folda inayoitwa installation imeondoka, ikibaki ifute mwenyewe. Kusasisha ni kubonyeza kwenye dashibodi, kwa hiyo suala la ruhusa za www-data linarudi kama kwa WordPress. Ngazi za watumiaji ni pana kuliko za WordPress, tangu toleo la 1.6 la mwaka 2011.

Kinachonitia wasiwasi ni mafundi. Hapa mjini wanaoijua vizuri wanapungua, na tovuti nyingi za Joomla ninazoitiwa bado ziko kwenye toleo la 3, ambalo msaada wake uliisha Agosti 2023. Kuzipandisha ni kazi, maana mandhari (mitindo ya mwonekano wa tovuti) nyingi za zamani hazivuki.

Kiswahili na Kiingereza pamoja

Kipengele hiki husahaulika mpaka tovuti imeshasimama, kisha mkurugenzi anasema: wafadhili wanasoma Kiingereza, wanakijiji wanasoma Kiswahili, tunataka vyote.

WordPress haina uwezo huo kwenye kiini. Utaweka plagini kama Polylang, na inafanya kazi, lakini sasa tovuti yako nzima imeegemea plagini moja. Joomla inao ndani tangu toleo lile la 1.6: unawasha lugha mbili, unaunganisha makala ya Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza, na menyu zinafuata. Drupal inao ndani tangu toleo la 8 la mwaka 2015, na inatafsiri mpaka majina ya sehemu za fomu. Kwa shirika dogo lenye tovuti ya lugha mbili na lisilo na mwandishi wa programu, Joomla ndiyo ningeiweka, pamoja na yote niliyosema juu ya mafundi. Ni hali hiyo tu inayonirudisha kwake.

Usiache usakinishaji njiani

Siku moja nilikuwa nasakinisha WordPress usiku, nyumbani. Mafaili yalikuwa yameshakaa, cheti cha usalama (HTTPS) cha Let's Encrypt kimeshatoka, ukurasa wa kujaza hifadhidata umefunguka. Umeme ukakatika, ruta ikazima, nikasema nitamalizia asubuhi. Asubuhi nikafungua logi za Apache (orodha ya maombi yaliyoingia) kabla ya kuendelea. Maombi ya wp-admin/setup-config.php yalikuwa yamejaa kutoka anwani nisizozijua, kwa domeni ambayo sikuwa nimemtajia mtu. Vyeti vipya huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na wapo wanaolisoma saa zote wakitafuta tovuti ambazo hazijamaliziwa. Anayefika wa kwanza kwenye ukurasa huo huweka hifadhidata yake, na anakuwa msimamizi wa tovuti iliyoko kwenye seva yako.

Nilifuta kila kitu nikaanza upya. Siku hizi namaliza usakinishaji kwa amri kabla sijaomba cheti. Hapa WP-CLI na Drush zina faida juu ya kivinjari, kwa sababu hakuna ukurasa unaobaki wazi. Ukitumia Joomla kwa kivinjari, funga tovuti kwa nenosiri la Apache mpaka umalize.

Seva ikae wapi

Hili halitegemei mfumo, ila linabadilisha hesabu. Seva ya Ulaya ni rahisi kukodi, lakini kila ombi la msomaji wa Mbagala linapita chini ya bahari kwenda na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, na tovuti ya shule iliyoko ng'ambo inakuwa mbali hata na mzazi anayeishi nyuma ya shule. Kama wasomaji wako wote wako Tanzania, ulizia bei ya seva ya hapa hapa.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Fomu ya mawasiliano inayokusanya majina na namba za wazazi tayari inakuingiza humo. Soma kabla, na uangalie taratibu za usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ningekuwekea ipi

Kama hakuna mtu wa kuingia kwenye seva kila wiki, WordPress, yenye plagini zisizozidi nane, masasisho ya kujiendesha yakiwa yamewashwa, na bekapu inayotoka nje ya seva kila usiku. Kama ni shirika la lugha mbili lenye mtu mmoja makini ofisini, Joomla toleo la sasa. Drupal nitaiweka pale tu ninapooneshwa mtu aliyeajiriwa, mwenye ufunguo wa SSH, ambaye kazi hii imeandikwa kwenye majukumu yake. Wakinijibu “tutamtafuta”, siiweki, hata kama mahitaji yao yanaiita.

Siku ya kukabidhi naacha karatasi moja ndani ya bahasha, na nakala yake kwa mkuu wa taasisi: toleo la Linux, toleo la mfumo, mahali bekapu zinapokwenda, funguo ziko kwa nani, na domeni imesajiliwa kwa barua pepe ipi. Hiyo ya mwisho naisoma kwa sauti mbele yao. Domeni ya .sc.tz au .or.tz iliyosajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi inakuja kuleta mgogoro hata kama kila kitu kwenye seva kimekaa sawa. Pale Tabata tuliibadilisha siku ile ile niliyoitwa kwa ajili ya FTP. Mama katibu alifungua barua pepe ya shule, akasubiri ujumbe wa uthibitisho, akabonyeza mwenyewe.